Wanne Wanne: Historia ya Kukaa Garini Kilimanjaro

Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, ilisimama tambarare, pale injini ya mvuke ilipoweza kufika bila kuhangaika na mlima. Boma lao lilikuwa juu, Old Moshi, kwenye nchi ya Mangi Rindi na mwanawe Meli, aliyenyongwa na Wajerumani hao hao mwaka 1900. Stesheni ikavuta maduka, maduka yakavuta ofisi, na mji ukateremka na jina lake. Watu hawakuteremka. Walibaki kwenye vihamba vyao, katikati ya migomba na mifongo ya maji, kuanzia Machame na Kibosho, Uru, Kirua, Kilema, Marangu, Mwika, mpaka Rombo. Toka hapo mji uko chini na nyumbani ni juu, na kila chombo cha moto kilicholetwa mkoa huu kimelazimika kuziba pengo hilo.

Si pengo dogo. Moshi mjini ni kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari. Geti la Marangu linakaribia mita 1,900, na kutoka mjini hadi hapo hazifiki kilomita 50 za barabara. Kwa sababu hiyo sishawishiki sana na magari yanavyolinganishwa kwenye yadi za Dar es Salaam, gari limeegeshwa kwenye sakafu ya saruji, mlango wazi, muuzaji anakuambia, "Kaa mzee wangu, nyoosha miguu." Gari likipanda, uzito wa mwili unahama kutoka kwenye makalio kwenda mgongoni, na ufupi wa egemeo unaujua hapo. Likishuka, uzito unakwenda miguuni, na kiti chenye tako fupi kinakumwaga mbele kila dereva anapogusa breki. Kwenye tambarare viti vingi ni vizuri. Mlima ndio unaovichuja.

Kabla ya gari kulikuwa na kichwa na mgongo. Akina mama walishuka sokoni na mikungu ya ndizi kichwani, wakapanda na chumvi, magadi na mahindi ya tambarare. Treni iliwafikisha Tanga, lakini haikuwapandisha nyumbani. Magari yalianza kuonekana kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: Machi 1916 majeshi ya Waingereza yalipopita Taveta na kuingia Moshi, yalikuwa na malori na magari ya deraya ya Rolls-Royce. Nataja Rolls-Royce kwa kejeli kidogo. Kampuni iliyosifika duniani kwa viti vya ngozi ilijitambulisha Kilimanjaro kwa chumba cha chuma chenye bunduki ya rashasha, ambamo askari walikuwa wakiokwa na jua.

Kilicholeta magari ya wenyeji ni kahawa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, Kilimanjaro Native Planters Association, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikazaliwa. Kila kata ikawa na chama cha msingi, kila chama kikawa na ghala, na kila ghala likahitaji lori la kushusha kahawa Moshi. Lori linaloshuka na magunia halikatai abiria juu yake. Ukiuliza ni kiti gani kilichowabeba watu wa mlimani kwa miaka mingi kabla ya uhuru, jibu la haki ni gunia la kahawa kavu. Na tusilidharau. Gunia linafuata umbo la mtu, halitelezi, na linapunguza mtikisiko kuliko benchi la mbao. Ubaya wake ni kwamba halina egemeo wala paa, na kwenye kona za Kilema mshikilio pekee ulikuwa jirani yako.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa ilipanda, na fedha ikaingia vihambani. Nyumba za bati ziliongezeka, watoto walisomeshwa, na baadhi ya wazee walianza kununua magari. Magari madogo ya wakati huo yalikuwa ya Kiingereza na Kijerumani, na kila moja lilikuwa na wazo lake kuhusu mwili wa binadamu. Morris Minor ilitoka mwaka 1948. Mbunifu wake, Alec Issigonis, aliitazama gari ya majaribio, akaona imebana, akaagiza ikatwe katikati kwa urefu na nusu zake zisogezwe mpaka zionekane sawa. Zilisogezwa inchi 4, yaani kama sentimita 10, na ndiyo sababu boneti yake ina ukanda bapa katikati. Sentimita 10 zinaonekana si kitu mpaka ukae watatu kiti cha nyuma. Huyo huyo Issigonis mwaka 1959 alitoa Mini, gari la mita 3 na sentimita chache tu, akailaza injini kwa upana ili sehemu kubwa ya urefu wote iwe ya watu na mizigo. Ujanja huo wa kulaza injini ndio uliomo leo ndani ya Vitz, IST na Passo zote zinazopanda Kibosho.

Mini yenyewe haikufaa mlimani. Matairi yake yalikuwa madogo mno na tumbo lake lilikuwa karibu na mawe. Volkswagen, ile yenye mgongo wa mviringo, iliweza zaidi. Injini ilikuwa nyuma, uzito ukakandamiza matairi yanayosukuma, na kwa kuwa ilipozwa kwa hewa haikuwa na rejeta ya kuchemka pale Mwika. Ilikuwa miongoni mwa washindi wa madaraja katika mashindano ya kwanza ya Coronation Safari mwaka 1953, yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Lakini mtu mrefu aliyekaa nyuma alikuwa na paa linaloteremka hadi utosini na magoti yaliyoegemea kiti cha mbele. Ilikuwa gari ya watu wawili na heshima zao, watoto wakiwekwa nyuma.

Wafaransa walikuwa wameanza na swali jingine. Kwa Citroën 2CV, iliyozinduliwa mwaka 1948, mkuu wa kampuni, Pierre-Jules Boulanger, alitaka gari litakalombeba mkulima na mwenzake pamoja na kilo 50 za viazi, lipite shamba lililolimwa bila kuvunja kikapu cha mayai. Viti vyake vilikuwa kitambaa kilichotundikwa kwenye mipira inayovutika. Sikumbuki kuona gari jingine la Ulaya ambalo masharti yake yangeweza kuandikwa na mama wa Kiboriloni, ukibadilisha tu viazi kuwa ndizi. Halikuja kutawala huku. Kilichokuja ni binamu yake mkubwa, mwenye falsafa ileile ya springi ndefu na viti laini.

Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960, na 504 ikafuata mwaka 1968. Huku watu waliziita Pijo, na aliyewahi kusafiri nazo akizitaja husimama kidogo kabla ya kuendelea. Sifa zilianza kwenye mashindano. Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiendesha 404, na mtu wa Moshi aliyeona gari hiyo imetoka kwenye matope ikiwa nzima hakuhitaji tangazo jingine. Lakini kilichoifanya Pijo iwe gari ya abiria hakikuwa mbio, kilikuwa safu ya tatu.

Pijo ya familia, ile yenye mgongo mrefu, ilikuwa na safu tatu za viti. Katika 504 ya aina hiyo umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma ulikuwa mita 2.90, mrefu kuliko wa magari mengi makubwa ya leo. Kwenye 404 kiti cha mbele kilikuwa benchi moja na gia ilikuwa kwenye shingo ya usukani, kwa hiyo mtu wa katikati hakubanwa na chochote kati ya magoti. Viti vilikuwa vinene, vyenye springi ndani na sponji juu yake, na vilikubali mtu azame kidogo kabla ya kumshikilia. Chini yake kulikuwa na springi zenye mwendo mrefu, zinazomeza shimo kabla halijafika kiunoni. Waliotengeneza gari hiyo waliifikiria familia ya Kifaransa inayokwenda likizo na watoto watano. Afrika nzima, kuanzia Dakar mpaka Namanga, iliitazama ikaona teksi.

Na hapo ndipo hesabu ya wanne wanne, yaani watu wanne pale pa watatu, ilipoanza kujijenga. Gari la watu saba likabeba tisa, na siku ya soko zaidi ya hapo. Pijo ilivumilia, lakini haikuvumilia sawa kwa kila mtu. Safu ya mbele ilikuwa ya wazee, walimu na mapadri. Ya kati ilikuwa ya akina mama wenye watoto wachanga. Ya nyuma, iliyokaa juu ya ekseli, ilikuwa ya vijana, kwa sababu sakafu yake imeinuka na magoti yanakuja kifuani. Hakuna aliyeandika utaratibu huo popote. Kijana aliyekaa mbele mzee akiwa bado nje alikoholewa mara moja tu, akahama.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa mji ulio karibu na Holili na Taveta kuliko ulivyo na Dar es Salaam, hilo lilikuwa pigo la spea. Vita vya Kagera vikafuata, mafuta yakawa adimu, na ikafika hatua magari binafsi yakakatazwa kutembea kuanzia Jumapili mchana. Pijo zilizobaki zilizeekea mikononi mwa mafundi. Sponji ilipoisha, fundi wa viti alijaza alichopata: vipande vya godoro, sufi, nyuzi za katani. Kiti kikarudi kuwa kinene kwa macho, lakini kikawa kigumu, na uzuri wa Pijo ukabaki kwenye springi zake tu.

Miaka hiyo ndiyo iliyorudisha benchi. Landrova ndefu, ile ya 109, ilikuwa imezoeleka Rombo kwa sababu barabara ya vumbi toka Marangu kwenda Mkuu na Tarakea haikuwa na huruma na gari dogo. Nyuma kulikuwa na mabenchi mawili ya urefu, abiria wanatazamana, magoti kwa magoti. Pikapu za mbao na turubai zilifuata mtindo huo, na Dar es Salaam wakaziita chai maharage, kwa kuwa watu walikaa kama wako mgahawani. Jina linachekesha, ila benchi la urefu kwenye mlima ni adhabu ya pekee. Gari likipanda, kila mtu anateleza kuelekea mlango wa nyuma, na mtu wa mwisho anabeba uzito wa benchi zima. Likishuka, mzigo unahamia kwa aliyekaa nyuma ya kioo cha dereva. Wenyeji walilijua hilo, na ukikuta mtu kang'ang'ania katikati ya benchi wakati pembeni pana nafasi, ujue ni wa Rombo.

Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu binafsi, na magari yakaanza kuingia tena. Mwanzoni yalikuwa pikapu, kisha Toyota Hiace zilizokwishatumika Japani. Miaka ya tisini zilitawala stendi ya Moshi. Wengine waliziita vifodi, wengine vipanya, na makonda walikuwa wanaimba majina ya vijiji mlangoni kwa pumzi moja: Kiborilonikiruakilema! Hiace ni sanduku, na sanduku lina faida zake. Dereva anakaa juu ya tairi la mbele, kwa hiyo karibu urefu wote unabaki kwa abiria. Upana wake wa nje haufiki mita 1.70, ukitoa unene wa milango na kuta, ndani unabaki na kama mita moja na nusu. Waliopanga viti walifikiria watatu kwa safu. Konda alifikiria wanne. Mita moja na nusu kwa wanne ni sentimita 37 na nusu kwa kila mtu, na mabega ya mtu mzima yanazidi sentimita 40.

Suluhisho lilitoka kwa abiria wenyewe. Wa kwanza anaegemea, wa pili anasogea mbele kwenye ncha ya kiti, wa tatu anaegemea, wa nne anasogea mbele. Mabega yanapishana, makalio yanapishana, na safu inaingia. Aliyekaa mbele hana egemeo na anashikilia kiti kilichotangulia. Aliyeegemea ana viwiko vya watu wawili mbavuni. Hakuna chuo kinachofundisha jambo hilo. Mama mmoja anasema, "Wewe baba mbele kidogo, mimi nirudi," na mambo yanakwenda. Nimewahi kukaa kwenye ncha hiyo toka Moshi hadi Mwika nikiwa na kuku wa mtu mapajani, na nakubali kwamba kuku alipata nafasi nzuri kuliko sisi.

Wakati huo huo kahawa ilikuwa inaanguka. Mkataba wa kahawa wa kimataifa ulisambaratika mwaka 1989, bei ikashuka, na wapo waliong'oa mibuni wakapanda nyanya na migomba zaidi. Fedha ya kihamba haikutoka tena kihambani. Ilitoka kwa mtoto aliye Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Gari likawa sehemu ya barua ambayo mtoto huyo alituma nyumbani. Kwa hiyo magari yaliyofuata yalinunuliwa na watu wasioishi mlimani, kwa fedha za mjini, kisha yakafanya kazi ya mlimani. Huo ndio mwanzo wa Noah.

Toyota Noah ya kizazi cha mwaka 1996 ilikuwa na injini chini ya viti vya mbele. Iliuzwa kwa familia ya Kijapani ya watu wanane, na baadhi zilikuja na kiti cha kati kinachozunguka, ili watu watazamane wakiwa wameegesha bustanini. Chai maharage, ila ya velvet. Mlimani kiti hicho hakikuzungushwa hata mara moja, kwa sababu kuzungusha kunataka nafasi ya miguu. Aliyekaa mbele alipata joto la injini kupitia makalio, jambo la kushukuru asubuhi ya Julai Marangu na la kulaani mchana wa Januari Himo. Toleo la mwaka 2001 lilihamisha injini mbele, sakafu ikawa bapa na chini zaidi, na bibi mwenye magoti mabovu akaweza kuingia bila kusukumwa.

Kama unataka maoni yangu, baada ya Pijo hakuna gari lililokaa na mlima kwa akili kama Noah. Sababu yake ni urefu wa kiti toka sakafuni. Kwenye gari la chini, mtu anakaa na miguu imelala mbele, kwa hiyo anahitaji urefu mwingi ili magoti yasigonge. Ukiinua kiti, paja linakaa mlalo, goti linapinda kuelekea chini, na mtu yuleyule anatosha kwenye urefu mdogo. Noah ina kiti cha juu, paa la juu na mlango wa kuteleza, ambao haumgongi mtu kwenye stendi iliyojaa. Hata wakiwekwa wanne pale pa watatu, angalau miguu inabaki yako. Ubaya wake unajulikana: watu waliokusudiwa wanane wakafika kumi na zaidi, breki za gari la familia zikaombwa zishikilie mzigo wa basi dogo toka Mwika mpaka Himo, na ajali zikatokea. Mamlaka za kusimamia usafiri, SUMATRA na baadaye LATRA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, zimevutana na wenye Noah kwa miaka mingi, leseni zikizuiwa na kuruhusiwa kwa masharti. Mjadala ule ulihusu usalama, na ulistahili. Lakini mtu wa kijijini aliyekuwa anasubiri Kosta isiyopanda kwao aliusikiliza akiwa ndani ya Noah.

Probox ni habari nyingine, na hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu lawama inazobeba gari hiyo si zake. Ilitoka mwaka 2002, na abiria yeyote aliyekaa nyuma atakuambia kuwa kiti ni chembamba, egemeo limesimama kama la kanisani na magoti hayana pa kwenda, wakati nyuma ya kiti hicho kuna buti ambayo mbuzi wawili wanaweza kulala. Watu hudhani ni ubahili wa mtengenezaji. Ni sheria ya Japani. Gari linalosajiliwa huko kama la mizigo hulipiwa kodi nafuu, lakini sharti lake ni kwamba eneo la mizigo lizidi eneo la abiria. Toyota ikasogeza kiti cha nyuma mbele na kukipunguza unene ili kipimo kitimie. Lilikuwapo toleo la abiria lenye kiti bora zaidi, ila lililojaa bandarini ni lile la mizigo, maana ndilo lililotumiwa na makampuni ya Kijapani na kuuzwa kwa mafungu. Kwa hiyo mwalimu wa Usseri anayeumia kiuno akienda Moshi kufuata mshahara ameumizwa na kanuni ya kodi ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Madereva wanaipenda Probox, na hawakosei: springi za nyuma zimefanywa kwa ajili ya mzigo, kwa hiyo ikijaa watu ndipo inapotulia.

Kodi yetu nayo imechagua ukubwa wa magari yetu binafsi. Ushuru wa bidhaa unaanza na asilimia 0 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000, unakuwa asilimia 5 hadi 2,000, kisha 10 juu ya hapo, na gari lililozeeka linaongezewa mzigo mwingine. Ndiyo maana Vitz na Passo za injini ya lita moja zimejaa Moshi mjini, na vijana wanaziita beibi woka. Kabla yake kulikuwa na Starlet, gari gumu na lenye kiti cha nyuma cha kuvumilia tu. Vitz ilipotoka mwaka 1999 ilikuwa fupi kuliko Starlet kwa zaidi ya sentimita 10, lakini matairi yake yalisogezwa hadi pembeni kabisa, umbali kati yao ukatoka mita 2.30 ukawa 2.37, na paa likainuliwa. Nje ilipungua, ndani ikaongezeka. Ni Issigonis yuleyule, miaka 40 baadaye.

IST ilikuja mwaka 2002, na Tanzania nzima ikaipenda. Inaonekana kubwa, imesimama juu, ina mabega. Mnunuzi anayeongeza fedha toka Vitz kwenda IST huamini ananunua nafasi. Umbali kati ya matairi ni uleule, mita 2.37. Urefu ulioongezeka, kama sentimita 25, umekwenda kwenye pua, bampa na buti. Magoti ya aliyekaa nyuma hayakupata kitu cha maana. Nimewaambia watu hivi mara nyingi na sijawahi kumzuia hata mmoja, kwa hiyo naandika tu iwe kwenye kumbukumbu.

Mtihani wa magari haya unafanyika kila Desemba, Wachaga wanapopanda kwenda, kama wanavyotaniwa, kuhesabiwa. IST ya watu watano inatoka Dar es Salaam na baba, mama, watoto watatu, dada wa kazi, mchele, mafuta ya kupikia na suti ya babu. Mpaka Korogwe kila mtu bado anaongea. Kufika Same mtoto wa katikati amekwisha kukaa juu ya handibreki. Himo wanakata kulia, barabara inaanza kupanda, na mizigo yote ya buti inakandamiza springi za nyuma mpaka taa za mbele zinamulika migomba badala ya barabara. Kurudi Januari ni zamu ya mikungu ya mchare, maparachichi na dumu ambalo askari wa barabarani hapaswi kulinusa.

Katika foleni hiyo magari yanayostahili kutazamwa ni yale ambayo hayakupendwa. Funcargo, iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2005 juu ya msingi wa Vitz, ina paa la juu kiasi kwamba mzee anaingia na kofia yake, na viti vya nyuma vinakunjika vikajificha chini ya vya mbele. Watu waliikataa kwa sababu ya sura. Raum ilipata wateja zaidi, hasa ile ya kwanza ya mwaka 1997, yenye milango ya nyuma ya kuteleza na sakafu ya chini. Raum ya pili, ya mwaka 2003, ilikwenda mbali kuliko gari lolote dogo lililopanda mlima huu. Upande wa kushoto haina nguzo katikati. Nguzo imefichwa ndani ya milango yenyewe, na ukifungua yote miwili unapata uwazi mmoja mpana. Ilibuniwa kwa kuwafikiria wazee na wasiojiweza wa Japani, na kwa kuwa nao wanaendesha kushoto kama sisi, uwazi huo unaangukia upande wa kituo, si upande wa magari yanayopita.

Mtu anayempeleka mama yake hospitali ya KCMC toka Old Moshi, mguu una plasta, hataona kwenye yadi gari dogo linalomfaa kuliko hilo. Kiti cha mbele kinasogea, mguu unanyooshwa, anayemsindikiza anakaa nyuma yake na kumshika bega kwenye mteremko wa Kidia. Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 2011. Yadi za Moshi bado zinazo chache, kwa kawaida zimeegeshwa nyuma ya IST.